Sungura Anapokufa Ghafla: Huzuni ya Mtoto na Namna ya Kumsaidia

Katika nyumba nyingi za mji wa Same na vijiji vya milima ya Upare, sungura si mnyama wa biashara kubwa. Hukaa nyuma ya jiko, katika kibanda cha mbao na wavu kilichoinuliwa juu ya miguu minne, na mara nyingi mwenye kazi ya kumkatia majani ni mtoto. Baba ana ng'ombe wake, mama ana kuku wake. Sungura ni wa mtoto. Mtoto ndiye ajuaye ni sungura yupi anayependa majani ya viazi vitamu na yupi anayeyakataa, naye ndiye aliyewapa majina. Kwa hiyo sungura akikutwa asubuhi amekakamaa sakafuni mwa kibanda, ilhali jana yake hakuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa, msiba huo una mtu mmoja tu wa kuubeba, naye pengine ana umri wa miaka minane.

Makala haya yanaeleza kinachotokea katika akili ya mtoto huyo, sababu za vifo vya namna hiyo, na kwa nini maneno ya kwanza atakayoambiwa siku ile yana uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani.

Huzuni isiyo na matanga

Mtu anapofariki dunia katika Upare, hakuna anayeachwa aomboleze peke yake. Turubai hufungwa uani, wanawake hupika, vijana huchimba kaburi, ndugu hulala matanga, na kila anayeingia husema pole. Mambo haya yana kazi ya tiba, ingawa hayaitwi hivyo. Yanampa aliyefiwa ruhusa ya kulia, yanampa watu wa kumsikiliza anaporudia habari ile ile mara kumi, na yanaweka mpaka: kuna siku ya kuanza msiba na kuna siku ya kuanua matanga.

Sungura hana matanga. Mtoto anayelia huambiwa, "Ni sungura tu," au, "Nyamaza, tutakununulia mwingine." Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliipa hali hii jina katika elimu ya maombolezo. Alieleza kwamba ipo huzuni ambayo jamii haiitambui: aliyefiwa anaumia kweli, lakini uhusiano wake na aliyekufa hauhesabiwi kuwa uhusiano, na kwa hiyo hapewi pole, hapewi muda, wala hapewi nafasi ya kusema. Kifo cha mnyama wa nyumbani ni mojawapo ya mifano iliyo wazi zaidi ya huzuni hiyo. Tatizo lake ni kwamba kutokutambuliwa hakuiondoi. Kunaifanya ijifiche tu, na kwa mtoto huzuni iliyojificha hutoka kwa mlango mwingine: hasira, maumivu ya tumbo, kukojoa kitandani, au uvivu wa ghafla wa kwenda shule.

Watani wa Wapare hupenda kusema kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Ni maneno ya utani, lakini yana ukweli ambao daktari wa akili angeukubali: thamani ya mnyama kwa mwenyewe haipimwi kwa bei ya mnadani. Kesi ile haihusu nyama. Mtoto anayelilia sungura naye anadai kitu ambacho kuku au sungura mwingine hakilipi.

Ushahidi wa kitabibu upo. Watafiti wa Marekani walichambua taarifa za watoto 6,260 waliofuatiliwa tangu kuzaliwa katika eneo la Bristol, Uingereza, na matokeo yao yakatangazwa mwaka 2020. Wengi wa watoto waliokuwa na mnyama nyumbani walikuwa wameshafiwa naye kabla ya kutimiza miaka saba. Waliopatwa na kifo hicho walionyesha dalili nyingi zaidi za matatizo ya kihisia kuliko wenzao ambao mnyama wao hakufa, na jambo hilo lilionekana zaidi kwa wavulana. Tofauti haikuwa ya kutisha, na maisha ya Bristol si maisha ya Hedaru au Makanya. Hata hivyo habari ya wavulana inafaa kuangaliwa huku kwetu, maana mvulana ndiye anayeambiwa mapema zaidi kwamba mwanamume halii.

Wala si watoto peke yao. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha taarifa ya mwanamke wa Marekani, aliyekuwa amepita miaka 60, ambaye alifikishwa hospitali akiwa na maumivu ya kifua yaliyofanana na ya shambulio la moyo. Mishipa ya moyo wake ilikutwa haijaziba. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya msuli wa moyo ilikuwa imelegea ghafla, hali ambayo madaktari wa Japani waliieleza mwaka 1990 na kuiita takotsubo, kwa jina la mtungi wao wa kunasia pweza, kwa kuwa moyo huo ukipigwa picha hufanana nao. Hali hiyo huweza kuletwa na mshtuko au majonzi makubwa. Mwanamke yule alikuwa na mambo kadhaa yaliyomlemea, na la karibuni lilikuwa kifo cha mbwa wake.

Mtoto anaelewa nini kuhusu kifo

Mwaka 1948 mtafiti Maria Nagy alitangaza matokeo ya mazungumzo yake na watoto wa Hungaria wenye umri wa kati ya miaka mitatu na kumi. Wadogo kabisa walikieleza kifo kama usingizi au safari. Waliofuatia walikiona kama mtu fulani anayekuja kuchukua watu. Waliokaribia miaka kumi walijua kwamba kila kiumbe hufa. Tafiti za baadaye zilirekebisha picha hiyo. Mwaka 1984 Mark Speece na Sandor Brent walipitia kazi za wenzao wengi na kuonyesha kwamba ufahamu wa kifo una vipande: kwamba aliyekufa harudi, kwamba mwili wake haufanyi tena kazi yoyote, na kwamba kila kilicho hai kitakufa. Watoto wengi huvipata vipande hivyo kati ya miaka mitano na saba, ingawa si wote kwa wakati mmoja.

Mtoto wa Mamba au Chome aliyeona kuku akichinjwa na mbuzi akichunwa huenda akavipata mapema kuliko mtoto wa ghorofani mjini. Lakini kujua si kinga ya kuhuzunika. Kuna jambo jingine pia ambalo watu wazima husahau. Sungura ambaye mtoto huyu amemfahamu kabla ya kumfuga ni sungura wa hadithi za bibi, yule mjanja anayemponyoka simba, anayemcheka fisi, asiyekamatika. Katika hadithi hizo wenye nguvu hushindwa, na sungura hutoka salama. Aliyelala kibandani amekakamaa hakuponyoka. Kwa baadhi ya watoto mshangao huo ni sehemu ya uchungu.

Hapa ndipo lugha yetu, yenye adabu nyingi mbele ya mauti, inapoweza kumdhuru mtoto. Mtu mzima akisikia kwamba fulani "ametutoka", "amelala", au "Mungu amempenda zaidi", anaelewa kilichosemwa. Mtoto wa miaka minne au mitano huyachukua maneno kama yalivyo. Akiambiwa sungura amelala, atauliza ataamka lini, na usiku huenda akaogopa kufumba macho yake mwenyewe. Akiambiwa amesafiri, atamngoja, kisha atajiuliza kwa nini rafiki yake aliondoka bila kuaga. Akiambiwa Mungu alimpenda akamchukua, atawaza ni nani nyumbani anayependwa baada ya huyo. Imani ya familia ina nafasi yake, na watoto wengi hufarijika nayo, lakini ije baada ya ukweli, isije mahali pa ukweli. Neno la kutumia ni lile lile gumu: amekufa.

Suala la kitoweo

Upare una jambo lake ambalo vitabu vya Ulaya vinavyozungumzia huzuni ya wanyama havilifikirii: sungura anaweza kuwa rafiki wa mtoto na pia kitoweo cha nyumba. Mahali alipo katika mizani hiyo hutegemea nyumba. Waadventista Wasabato walifika Upare mwaka 1903, na wafuasi wao ni wengi hadi leo katika milima ya kusini. Kwao sungura ni miongoni mwa wanyama najisi waliotajwa katika sura ya 11 ya kitabu cha Mambo ya Walawi, hivyo haliwi. Katika nyumba hizo sungura akifugwa, atafugwa kwa kuuzwa, kwa mbolea ya bustani, au kwa furaha ya watoto. Katika nyumba za jirani, za Walutheri, Wakatoliki au Waislamu, anaweza kuchinjwa wakati wowote.

Mtoto huhimili hali yoyote kati ya hizo mbili, ilimradi aijue tangu mwanzo. Anachoshindwa kuhimili ni kubadilishwa kwa kanuni katikati. Sungura alikabidhiwa kwake kwa kauli, "Huyu ni wako". Wiki mbili baadaye mgeni anafika kutoka Dar es Salaam, mtoto yuko shuleni, na jioni anakuta kibanda kitupu na nyama mezani. Kwa wazazi hicho si kifo cha ghafla, ni ukarimu tu. Kwa mtoto ni kifo cha ghafla chenye nyongeza: aliyekisababisha ni mtu anayempenda na kumtegemea, na pengine yeye mwenyewe amekwisha kula kabla hajaambiwa. Familia zinazofuga sungura wa kuliwa hazina haja ya kuona haya. Inatosha kusema mapema ni sungura yupi wa mezani na yupi si wa mezani, na kuliheshimu neno hilo hata siku ya mgeni.

Kwa nini hufa bila onyo

Swali la kwanza la mtoto huwa, "Kwa nini?" na la pili, ambalo mara nyingi halisemi kwa sauti, huwa, "Ni mimi?" Watoto wadogo huamini kwamba mawazo na matendo yao yana nguvu kuliko yalivyo. Aliyesahau kubadilisha maji jana, aliyemkasirikia sungura kwa kumparua, aliyewahi kutamka kwamba hamtaki tena, anaweza kuamini kwa dhati kwamba yeye ndiye muuaji. Kifo cha ghafla huipa imani hiyo nguvu zaidi, kwa sababu hakuna siku za ugonjwa zilizomwandaa. Ndiyo maana kutafuta chanzo ni sehemu ya kufariji. Nyumba isiyotafuta chanzo humwachia mtoto atunge chake, au humtupia mtu mwingine. Kauli kwamba sungura ameuawa na kijicho cha jirani humfundisha mtoto kumwogopa jirani, na haimponyi.

Jambo la msingi kuhusu sungura ni kwamba kwa asili yake yeye ni mnyama anayewindwa. Porini anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa kwanza, kwa hiyo sungura huficha maumivu mpaka nguvu zimwishie. Kinachoonekana kama kifo cha usiku mmoja mara nyingi ni mwisho wa ugonjwa wa siku kadhaa. Mtoto anapaswa kuelezwa jambo hili waziwazi: hakuliona kwa sababu sungura hakutaka lionekane, na hata mtu mzima asingeliona.

Katika mji wa Same na tambarare inayouzunguka, joto ndilo la kushukiwa mapema. Eneo hilo liko kwenye kivuli cha mvua cha milima, na miezi ya Januari na Februari jua huwa kali. Sungura hatoki jasho kama binadamu, wala kuhema hakumsaidii kama kunavyomsaidia mbwa. Joto hulipunguza zaidi kwa masikio yake. Hewa ikizidi nyuzi 30 za Selsiasi huanza kutaabika, na ndani ya kibanda cha bati kisicho na kivuli wala upepo anaweza kufa mchana mmoja.

Tumbo hufuata. Utumbo wa sungura umeumbwa kufanya kazi mfululizo kwa nyasi zenye nyuzinyuzi nyingi. Akilishwa pumba, ugali au mabaki laini kwa wingi, au akiacha kula kwa sababu ya hofu au maumivu ya meno, utumbo husimama na kujaa gesi. Sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa nusu siku tayari yuko hatarini. Kwa sungura wachanga, hasa walioachishwa kunyonya karibuni, vijidudu vya koksidia, vinavyoenea kwa kinyesi kwenye vibanda vichafu, huua wengi kwa kuhara.

Majani nayo huua. Majani ya mparachichi, mti uliozagaa milimani, yana sumu inayoudhuru moyo wa sungura, na watoto wengi hawajui. Majani yaliyokatwa kando ya bustani ya nyanya au vitunguu iliyopigwa viuatilifu ni hatari hata kama yanaonekana mabichi na mazuri. Katika maeneo yenye unyevu ya milimani, kundi la siafu likivamia usiku humkuta sungura hana pa kukimbilia. Wafugaji wenye uzoefu huisimamisha miguu ya kibanda ndani ya makopo yenye mafuta machafu. Mbwa anayezunguka kibanda usiku kucha anaweza kumwua sungura kwa mshtuko bila hata kumgusa.

Halafu kuna ugonjwa wa virusi wa kutokwa damu kwa sungura, uliotambuliwa kwanza China mwaka 1984. Aina yake mpya ilijitokeza Ufaransa mwaka 2010 na imesambaa katika mabara mengi. Barani Afrika, Nigeria iliripoti mlipuko mwaka 2020. Sungura aliyeambukizwa huweza kupata homa na kufa ndani ya saa 12 hadi 36, wakati mwingine akiwa na damu puani. Virusi hivyo haviambukizi binadamu, lakini hubebwa na nzi, majani, viatu na vyombo kutoka kibanda hadi kibanda. Sungura wawili au watatu wakifa kwa mfuatano, ofisa mifugo wa kata anapaswa kuarifiwa siku hiyo hiyo, kabla ya maiti kuoza.

Wakati mwingine chanzo kitakuwa kweli ni kosa la mtoto: alisahau maji, au alileta majani ya mparachichi. Kumdanganya hakusaidii, maana anajua. Linalosaidia ni kutenganisha kutokujua na kukusudia: "Hukujua kwamba majani yale yana sumu. Hata mimi sikukwambia." Sentensi hiyo ya pili ina kazi kubwa, kwa sababu inamhamishia mtu mzima sehemu ya mzigo ambayo kwa haki ni yake.

Kifo kidogo kinapoamsha kifo kikubwa

Yapo machozi ambayo wazazi na walezi huyashangaa zaidi. Mtoto hakulia siku ya mazishi ya baba yake. Alikaa kimya, akacheza na wenzake nyuma ya turubai, watu wakasema ni mdogo, haelewi. Mwaka mmoja baadaye sungura anakufa, naye analia siku tatu, hali makande, hataki kuguswa. Bibi anayemlea anaumia: iweje mjukuu amlilie sungura kuliko baba?

Jibu la wataalamu ni kwamba huenda hamlilii sungura kuliko baba. Mara nyingi anamlilia baba kwa njia ya sungura. Kifo cha mzazi ni kikubwa mno kwa akili ya mtoto kukimeza kwa mara moja, tena kilitokea wakati watu wazima wote walikuwa wamevunjika na hakukuwa na wa kumwuliza. Kifo cha sungura kina ukubwa anaoweza kuukumbatia. Anaweza kukiona, kukigusa, kukizika kwa mikono yake. Na kama sungura huyo alinunuliwa na baba, basi pamoja naye imeondoka kazi ya mwisho waliyoifanya pamoja. Kumkaripia mtoto wakati huo ni kufunga mlango ambao umechukua mwaka mzima kufunguka.

Mkoa wa Kilimanjaro una ushahidi wake kuhusu watoto waliofiwa. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry uliwahusisha watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, kutoka eneo la Moshi na eneo la Bungoma nchini Kenya. Nusu yao walipata mfululizo wa vikao vya ushauri, wengi wao wakiwa katika vikundi, vikiongozwa na wananchi wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, si madaktari. Katika vikao hivyo mtoto husaidiwa kueleza kilichotokea siku ya kifo, kwa maneno yake na kwa hatua anazozimudu. Mwishoni mwa tiba, dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua zaidi kwa waliohudhuria kuliko kwa wenzao katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti. Baada ya mwaka mmoja faida hiyo ilibaki Kenya, lakini upande wa Tanzania watoto ambao hawakupata vikao walikuwa wamewafikia wenzao. Kufiwa na mzazi si sawa na kufiwa na sungura, na utafiti ule haukuwahusu wanyama. Kinachofaa kuchukuliwa kutoka kwake ni kwamba mtoto wa huku anaweza kuusimulia msiba wake, na kwamba msikilizaji si lazima awe na shahada.

Mara nyingi bibi au babu ndiye msikilizaji bora, kwa kuwa utani wa wajukuu na wazee hulainisha maneno ambayo mbele ya baba yangekwama.

Siku ile na siku zinazofuata

Mtoto aambiwe mapema, na mtu anayemwamini, kwa sauti ya kawaida: "Mwanangu, sungura wako amekufa usiku. Hapumui tena, wala hasikii maumivu." Kisha mzazi anyamaze na kungoja. Mtoto anaweza kulia, kuuliza, au kukimbilia mpira. Vyote ni sawa. Wengi wamesikia kwamba huzuni hupita hatua tano. Orodha hiyo ilitoka katika kitabu cha mwaka 1969 cha daktari Elisabeth Kübler-Ross, aliyekuwa akiwaeleza wagonjwa walio karibu kufa, si waliofiwa, na kwa watoto haifai kabisa kama kipimo. Maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999, yanafaa zaidi: aliyefiwa huenda na kurudi, saa moja akiwa ndani ya uchungu, saa nyingine akiwa katika maisha ya kila siku, na mwendo huo ndio unaoponya. Mtoto huenda na kurudi kwa kasi kuliko mtu mzima. Akicheka saa nne na kulia saa tano, hajifanyi.

Akitaka kumwona sungura, aruhusiwe, isipokuwa kama mwili umeharibiwa vibaya na mbwa au siafu. Asiachwe kumbeba kifuani. Aliyemgusa anawe mikono kwa sabuni. Na nyama ya kibudu isiliwe, iwe na watu au mbwa. Sababu za kidini zinajulikana, lakini ya kitabibu inajitosheleza: hakuna anayeweza kujua kwa macho kama mnyama alikufa kwa joto, kwa kiuatilifu au kwa ugonjwa, na sumu nyingine haziondoki kwa kuchemshwa.

Azikwe. Shimo liwe la kina kisichopungua nusu mita, mbali na kisima na mfereji wa maji, lifukiwe vizuri na kuwekewa mawe ili mbwa wasifukue. Mtoto ashiriki kuchimba kama anataka, na kama anataka kusema neno au kuimba, aachwe. Mzazi anayeona haya kusimama kwenye kaburi la sungura akumbuke kwamba dakika kumi hizo ndizo matanga pekee atakayopata mtoto huyo. Mwalimu wa darasa naye aarifiwe. Pole moja ya mwalimu humwondolea mtoto mzigo wa kujificha.

Kwa kawaida uchungu mkali hupungua ndani ya siku au wiki chache, ingawa mtoto ataendelea kumtaja sungura wake kwa muda mrefu. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 unautambua ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu, unaozidi miezi sita, lakini kwa kifo cha binadamu pekee. Mzazi asingoje jina la ugonjwa wala miezi sita. Mtoto asiyelala au asiyekula vizuri baada ya wiki mbili au tatu, aliyerudia kukojoa kitandani, anayekataa shule, au anayejilaumu bila kukoma, apelekwe zahanati au kituo cha afya, na mhudumu aelezwe habari ya sungura bila kuona haya, pamoja na habari ya kifo kingine chochote kilichowahi kuipata nyumba hiyo. Mtoto anayesema anatamani kufa amfuate sungura wake apelekwe siku hiyo hiyo.

Sungura mwingine asinunuliwe kesho yake. Mtoto huelewa kutokana na haraka hiyo kwamba kinachopendwa hubadilishwa kama taa iliyoungua, na mara nyingine humchukia mgeni asiye na kosa. Isitoshe, virusi vya ugonjwa wa kutokwa damu hudumu wiki nyingi kwenye mazingira yaliyochafuliwa. Majani ya zamani yachomwe, mbao zisuguliwe kwa maji na sabuni kisha kwa dawa ya klorini, na kibanda kisogezwe juani, milango ikiwa wazi. Kikishakauka, swali la lini kitapata mkazi mwingine, na kama kitapata, aachiwe mtoto alijibu.